Kipi Kibadilishwe Lini Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Anayeishi Nairobi

Jumamosi moja ya Julai, baridi ya Nairobi ikiwa imekaza, nilikuwa nimepiga magoti jikoni kwangu Umoja na kikombe cha maji ya sabuni mkononi. Nikapaka povu kwenye mpira wa gesi, pale unapoingia kwenye jiko. Povu moja likaanza kuvimba polepole, likafika ukubwa wa jicho la chura, likapasuka. Lingine likaanza palepale. Mpira ule niliununua mwaka ambao mwanangu alianza chekechea, na sasa yuko Gredi ya 6. Katika muda huohuo nilikuwa nimebadilisha mapazia mara tatu.

Ndivyo tulivyo wengi. Pesa ikipatikana tunabadilisha kile mgeni atakachokiona akiketi sebuleni, na kile kinachoweza kutuunguza au kututia ugonjwa kinakaa nyuma ya jiko, chini ya kitanda na ndani ya bafu hadi kijifie chenyewe. Mwongozo huu umepangwa kinyume na mazoea hayo, na nimeuandikia mtu wa nyumba ya kupanga, mwenye maji ya mgao na mshahara unaofika tarehe 30 ukiwa tayari umechoka.

Hatua ya kwanza: zunguka nyumba na kalamu

Tafuta selotepu ya karatasi, ile mafundi wa rangi hubandika kwenye fremu za madirisha, pamoja na kalamu isiyofutika. Siku hiyo usinunue kitu. Pita kila chumba, na kila kitu unachokumbuka ulikinunua lini kibandike kipande chenye mwezi na mwaka. Usichokumbuka, kiandikie alama ya kuuliza. Kwangu mimi mto wa kulalia, ekstensheni ya televisheni, ubao wa kukatia mboga na regulata ya gesi vyote vilipata alama ya kuuliza, na nina nyumba ya vyumba viwili tu.

Kisha gawa ulichoandika mafungu matatu. La kwanza ni vitu vinavyoweza kuua: gesi, umeme, dawa, helmeti. Hivi havingoji mwisho wa mwezi. La pili ni vinavyogusa mwili au chakula, hasa vile vinavyokaa na unyevu. Hivi vina tarehe zake, na vingi ni vya bei rahisi, kwa hiyo sababu ya kuchelewa huwa ni kusahau tu. La tatu ni vilivyozeeka bila madhara: pazia lililofifia, kikombe kilichopoteza mkono, zulia lililopauka. Hivi vina subira kuliko wewe.

Hatua ya pili: gesi, kabla ya kitu kingine chochote

Mpira wa gesi huanza kufa kwa kukauka, muda mrefu kabla ya kutoboka. Joto la jiko, matone ya mafuta ya kukaangia na jua la dirishani huukausha kidogo kidogo, na katika ploti zetu kuna na panya wa kuongezea meno yake. Watengenezaji wengi huupa mpira maisha ya kati ya miaka 2 na 5. Soma ubavuni mwake: mpira wa maana huwa umechapishwa mwaka. Usio na maandishi yoyote mimi siuongezi siku baada ya miaka miwili, hata ukinitazama kwa macho ya huruma.

Ukaguzi wake ni wa dakika tano, na mimi huufanya kila nikibadilisha mtungi.

Funga gesi, chomoa regulata, kisha ukunje mpira kwa vidole kama unayepima mkanda wa ngozi. Tazama mgongo wa mkunjo ukiwa mbele ya dirisha. Ukiona vistari vyembamba kama ufa wa tope lililokauka, umekwisha. Ukiwa mgumu kama fimbo, umekwisha. Ukinata mkononi, basi mafuta yameshaula, na huo pia umekwisha. Angalia ncha zote mbili, kwa kuwa ufa hupenda kuanzia pale klipu inapobana. Na klipu yenyewe iwe klipu. Mpira uliofungwa kwa waya au kwa kipande cha blada ni kazi ya mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda zake.

Baada ya kurudisha kila kitu, fungua gesi kwenye mtungi huku vichomeo vya jiko vikiwa vimezimwa, halafu paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo: mtungi na regulata, regulata na mpira, mpira na jiko. Povu likivimba, kuna gesi inatoka. Kiberiti hakitumiki kutafutia gesi, nalisema hili kwa kuwa nimewaona watu wazima wakifanya hivyo.

Regulata huishi zaidi ya mpira, ila miaka 10 ndiyo ukomo wake, na haifiki huko ikianza kupiga mluzi, kukataa kujifunga vizuri, au kufanya moto upande na kushuka wenyewe. Ukibadilisha mtungi, chungulia ndani ya vali: kuna kipete kidogo cha mpira mle. Kikiwa kimepasuka au hakipo, omba mtungi mwingine, na kijana wa boda aliyeuleta asiondoke kabla hujapaka povu. Mwenye mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu asijione amepona kwa sababu hana mpira mrefu. Povu lake alipake pale kichomeo kinapoingia kwenye vali.

Neno moja la usiku. Gesi ya kupikia yenyewe haina harufu. Ile harufu mbaya huongezwa makusudi ili uamke. Tena ni nzito kuliko hewa, hukaa chini sakafuni kama maji. Ukiamka ukainusa, usiguse swichi ya taa, hata ya kuzima. Fungua mlango na madirisha, funga mtungi, toa watoto nje.

Unaponunua mpira, regulata au ekstensheni, tafuta alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, pamoja na namba yake ya kibali. Andika ujumbe mfupi SM# ikifuatwa na namba hiyo, utume kwa 20023, na utajibiwa kibali hicho ni cha nani na cha bidhaa gani. Muuzaji akikasirika ukiwa unasubiri jibu, hilo nalo ni jibu.

Hatua ya tatu: umeme na bafu

Ekstensheni haina tarehe ya kuisha, ina tabia. Ikipata joto ukiigusa, plagi ikicheza ndani yake, au plastiki ikigeuka rangi ya chai kando ya tundu, itupe. Kuizungushia selotepu ni kuificha tu. Pasi, birika la umeme na hita havikai pamoja kwenye ekstensheni moja ya mtaani, hata kama matundu ni sita.

Bafuni kuna ile shawa ya papo kwa hapo. Kinachokufa mara nyingi ni elementi yake, na fundi huibadilisha bila kununua shawa nzima. Nyumba nyingi za Nairobi hutumia maji ya kisima cha kuchimbwa, na maji ya chumvi hula elementi ya kawaida upesi sana. Kama birika lako hujaa ukoko mweupe, mwambie wa dukani akupe shawa ya maji ya chumvi, zipo. Ukibadilisha elementi mara mbili kwa mwaka, shida si shawa, umekosea aina. Na ukisikia maji yanakutekenya vidole, au bomba linakupiga shoti hata kidogo, zima swichi kuu leo na usiogee hapo hadi fundi aangalie waya wa ardhi. Mwenye nyumba akisema "hiyo ni kawaida ya hapa," mwambie aje aoge yeye.

Anayetumia jiko la makaa atazame ule udongo wa ndani. Ukipasuka, makaa yanaisha haraka na bati linaungua. Kamukunji mafundi wa jua kali watakuwekea udongo mpya kwenye bati lilelile. Ila jiko lolote la makaa, jipya au kuukuu, halilali na watu ndani ya nyumba iliyofungwa. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu.

Hatua ya nne: mitungi ya maji

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mtu wa Nairobi ana mitungi mingi kuliko vikombe. Siku ya mgao kila kitu kinajazwa: mitungi ya lita 20, ndoo, beseni, hata sufuria ya sherehe. Kisha maji yakirudi tunajazia juu ya yale ya zamani, wiki baada ya wiki, bila chombo kukauka hata siku moja.

Ingiza kidole ndani ya mdomo wa mtungi wako wa maji ya kunywa na usugue ukuta wake. Ukiteleza kama ngozi ya samaki, huo ni utando wa vijidudu, na ukichemsha maji vizuri kisha ukayamimina humo, umefanya kazi ya bure.

Mtungi wa maji ya kunywa uoshwe kila wiki. Mkono hauingii, burashi haifiki chini, basi fanya kama walivyofanya mama zetu: tia konzi moja ya kokoto ndogo safi au mchanga wa kokoto, maji kidogo na sabuni, funga, utikise kwa nguvu dakika mbili tatu ukiugeuza kila upande. Suuza hadi povu liishe. Acha kichwa chini ukauke. Mchanga laini wa mjengo usitumie, unakwaruza plastiki, na mikwaruzo ndiyo nyumba ya ule utando.

Mtungi ubadilishwe lini? Ukiwa na ufa, ukiwa na harufu isiyotoka baada ya kuosha mara mbili, au ukiumulika ndani kwa tochi ya simu ukaona mikwaruzo mingi iliyogeuka kijani au nyeusi. Mtungi wa zamani usiutupe, ushushe cheo: uwe wa kudekia na wa choo. Lakini safari hiyo ni ya kwenda tu. Mtungi uliowahi kubeba petroli, dawa ya shamba au kemikali ya viwandani haupandi cheo kuwa wa kunywa, uoshwe kwa sabuni gani. Wengi huuzwa bei nafuu sokoni, na ukimuuliza muuzaji ulikuwa wa nini atasema ulikuwa wa mafuta ya kupikia. Nusa mwenyewe.

Maji yaliyochemshwa mimi siyaweki zaidi ya siku mbili. Ukitumia dawa ya klorini, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na ungoje dakika 30 kabla ya kunywa, kisha angalia tarehe ya chupa hiyo pia, kwa sababu klorini hupungua nguvu ikikaa. Tangi la juu ya ploti lioshwe angalau mara mbili kwa mwaka. Hilo si la kuomba kama hisani. Muulize msimamizi wa ploti lilioshwa lini, mbele ya majirani, siku ya kulipa kodi.

Hatua ya tano: sinki, ubao na fraipani

Mwaka 2017 watafiti wa Ujerumani walichunguza sponji 14 zilizotoka jikoni za watu, wakakuta bakteria wamebanana humo kwa mabilioni katika kila sentimita ya mchemraba. Zile ambazo wenyewe walikuwa wakizisafisha mara kwa mara hazikuonyesha unafuu wa maana. Ushauri wao ulikuwa kubadilisha kila wiki. Najua unafikiria nini, kwa sababu nami nilifikiria hivyo: sponji kila wiki? Basi nunua pakiti kubwa, kata kila moja vipande viwili, na anza kipande kipya kila Jumapili jioni. Au hamia kwenye nyavu ya kuoshea vyombo, ile inayopitisha hewa. Inakauka upesi, na kikaukacho hakikuzi vijidudu kwa raha. Kitambaa cha kufutia meza kichemshwe au kifuliwe kila baada ya siku mbili. Kitambaa kilichofuta damu ya kuku kinaenda kufuliwa hapohapo, hakigusi kitu kingine.

Ubao wa kukatia, wa mbao au wa plastiki, unabadilishwa ukishakuwa na mifereji ambayo burashi haiitoi rangi ya nyanya. Wenye nafasi wawe na mbao mbili, wa nyama na wa mboga. Ubao wa mbao ukiwa mnene, fundi seremala anaweza kuuranda ukarudi mpya, mimi nimefanya hivyo mara mbili kwa bei ya soda. Mwiko uliopasuka hauna dawa, uwashie jiko. Fraipani ya kutoshika chakula inatupwa utando wake ukianza kubanduka, na itadumu zaidi ukitumia mwiko wa mbao na kuacha kuisugua kwa waya. Sufuria zetu za kawaida hazina haraka hiyo. Tazama tu mishikio na sehemu iliyotitia chini.

Mafuta ya kukaangia yaliyotumika ukiyaona meusi, yanatoa povu, au yanafuka moshi kabla hata hayajashika moto sawasawa, yamekwisha. Usiyamwage sinkini. Yataganda kwenye bomba, na baadaye utamlipa fundi kuyatoa.

Hatua ya sita: vya mwilini

Mswaki: kila miezi 3 au 4, na mapema zaidi nywele zake zikitawanyika kama nyasi zilizolaliwa na ng'ombe. Mtoto huutafuna, wake haufiki. Njia yangu ya kukumbuka ni mihula ya shule: kila muhula ukianza, miswaki mipya ya nyumba nzima inanunuliwa pamoja na vitabu. Kwa watu wa Eastleigh wanaotumia ule wa mti, ambao ndio uliolipa neno mswaki asili yake ya Kiarabu, kata ncha iliyotumika na utafune mpya ikishalegea au kupoteza ladha.

Wembe wa kunyolea hutosha mara 5 hadi 7, kisha huanza kuvuta nywele badala ya kukata, na hapo vipele huota. Hauazimwi, hata kwa ndugu: homa ya ini aina ya B na virusi vya Ukimwi hupita kwenye damu ambayo jicho halioni. Kwa kinyozi, usione haya kusubiri mashine isafishwe kwa spiriti mbele yako. Kama unanyoa kila wiki, nunua kichwa chako cha mashine uwe unakwenda nacho.

Taulo lifuliwe kila baada ya kuoga mara 3 au 4 na lianikwe wazi kila siku, lisiachwe nyuma ya mlango wa bafu. Likiacha kunyonya maji, limezeeka. Chupi hubadilishwa kila siku, hilo halina mjadala. Zitupwe lastiki ikilegea au kitambaa kikitoboka. Gikomba nakupenda, viatu vyangu vyote vimetoka huko, lakini chupi na soksi nanunua mpya.

Sodo ibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6 hata ikiwa haijajaa, na usiku uvae mpya kabla ya kulala. Kisodo cha ndani kisizidi saa 8 mwilini. Kikombe cha hedhi kinaweza kukaa hadi saa 12, kikaoshwa na kurudishwa, kisha kichemshwe kati ya mwezi na mwezi. Kikibadilika kuwa cha kunata au kupasuka, muda wake umeisha. Kenya iliondoa kodi ya VAT kwenye sodo mwaka 2004, lakini bado kuna nyumba ambako msichana anavaa moja kutwa nzima ili pakiti ifike mwisho wa mwezi. Mwenye binti aweke pakiti ya akiba mahali binti anapofikia bila kuomba.

Kwenye vipodozi, tafuta mchoro mdogo wa kopo lililofunguliwa kifuniko. Ndani yake pameandikwa 6M, 12M au 24M: hiyo ni miezi tangu siku ulipofungua. Wanja wa kope wa majimaji una maisha mafupi kuliko vyote, miezi 3 hadi 6. Ukikauka usiutie mate. Tunajuana.

Hatua ya saba: kitanda

Shuka na foronya zibadilishwe kila wiki. Mama fua akija Jumamosi, hizo ndizo za kwanza kuingia kwenye beseni, na ikiwa kuna mtu wa pumu nyumbani, mchemshie maji: wadudu wadogo wa vumbi wanaokula magamba ya ngozi zetu hufa kwenye nyuzijoto 60, maji ya mfereji wa Julai hayawatishi.

Mto wa kulalia una mwaka mmoja hadi miwili. Ukunje katikati na uachie. Ukibaki umekunjika kama chapati, umekwisha.

Godoro ndilo gumu, kwa sababu ya bei. Godoro la springi au la sponji nzito hukaa miaka 7 hadi 10. La sponji nyepesi, lile tunalonunua tukianza maisha ya bedsita, huanza kutitia baada ya miaka 2 au 3. Lipime hivi: toa shuka, laza mpini wa ufagio juu yake kutoka ukingo hadi ukingo, kisha tazama pengo lililo chini ya mpini pale unapolala. Vidole viwili vilivyolazwa vikipita, mgongo wako unajua tayari. Ukinunua, uliza uzito wa sponji, usidanganywe na unene na kitambaa cha maua. Lichape jua mwezi wa Januari na Februari, uligeuze kichwa kwa miguu kila miezi mitatu, na usiliweke sakafuni moja kwa moja msimu wa baridi, kwa maana chini yake hufanya ukungu. La mkono wa pili, lililotoka kwa mtu anayehama, likatae hata la bure. Kunguni hawaulizwi nauli.

Neti yenye dawa huhesabiwa miaka 3 au mafuo 20 hivi. Nairobi kwenyewe malaria si nyingi, lakini Desemba tunakwenda Busia, Kisumu, Kilifi, na ile neti ya nyumbani kwa wazazi tunayolalia inaweza kuwa na umri wa mjukuu. Beba mpya. Ifuliwe kwa sabuni ya kawaida bila jiki, na ianikwe kivulini.

Hatua ya nane: kabati la dawa, mlango na barabara

Tarehe iliyochapishwa kwenye dawa ni ya chupa ambayo haijafunguliwa. Matone ya macho hutupwa siku 28 baada ya kufunguliwa. Antibiotiki ya unga ya mtoto ikishachanganywa na maji ina siku 7 hadi 14, kama lebo inavyosema. Ile iliyobaki mlangoni mwa friji tangu Pasaka siyo akiba. Andika tarehe ya kufungua kwenye selotepu, ubandike kwenye chupa.

Ukihamia nyumba mpya, kufuli la mlango libadilike siku hiyohiyo, kabla ya kupanga vyombo. Hujui funguo za zamani ziko mifukoni mwa watu wangapi.

Helmeti ya boda ina miaka 5 hivi, au ajali moja. Ikishagonga lami, hata kama haina alama, ule ukuta wa ndani umeshajibana na hautakulinda mara ya pili. Tairi la gari lina herufi DOT ubavuni, na mwisho wa mstari huo kuna namba nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likizidi miaka 6, usiangalie meno tu. Angalia nyufa, na umwonyeshe fundi kabla ya safari ya ushago.

Hatua ya tisa: pesa

Ukijaribu kubadilisha vyote mara moja utashindwa na utarudi kwenye mapazia. Ukiacha vile vya kuua vilivyokwisha kuharibika, ambavyo havingoji, mimi nimefuata msimu. Njaanuari sinunui kitu, nafua na kuanika magodoro, jua ni la bure. Machi, kabla ya mvua, ni umeme na ekstensheni. Mei ni matandiko, kwa kuwa baridi inakuja na kuanika kutakuwa shida. Julai ni gesi, maana wakati wa baridi madirisha yanafungwa na jiko linafanya kazi zaidi. Novemba ni neti na tairi. Vidogo vidogo, kama sponji na miswaki, vinakaa kwenye bajeti ya mboga.

Chama chetu hununuliana vyombo kwa zamu. Mwaka ule wa povu nilipendekeza badala ya chupa za chai tununuliane mipira ya gesi na klipu zake. Walicheka hadi mwenye nyumba akafunga mlango. Kuanzia mwezi uliofuata niliwapelekea maji ya sabuni kwenye kila nyumba tuliyokutania. Katika nyumba ya tatu povu lilivimba, na hakuna aliyecheka tena. Chupa za chai zilisubiri mwaka mmoja.

Hatua ya mwisho: kutupa

Kutupa nako kuna adabu zake. Sufuria na mabati, mpe mtu wa skrepu anayepita na mkokoteni. Simu, betri na nyaya usizitie kwenye pipa la ploti: Nairobi kuna kituo cha WEEE Centre kinachopokea taka za umeme. Wembe uingize kwenye kopo lenye kifuniko kabla ya kuutupa, kwa ajili ya vijana wanaochambua taka kwa mikono mitupu. Dawa zilizoisha, waulize kwenye duka la dawa kama wanazipokea. Chooni si mahali pake.

Na mpira wa gesi wa zamani, ukate vipande vinne kwa kisu. Wangu wa kwanza niliutupa mzima. Siku ya tatu niliuona ukiwa umefutwa vumbi, umeviringishwa vizuri, umening'inizwa kando ya barabara pamoja na mingine ukisubiri mnunuzi. Niliutambua kwa selotepu yangu, bado ina ule mwaka wa chekechea.